Kujadiliana na wamisionari wa Kimormoni: tubishane juu ya nini?

Wamisionari wa Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, wale ambao wengi tunawaita Wamormoni, hawabishi hodi kwa mtu ili wabishane naye. Wanakuja kufundisha. Wana masomo yaliyopangwa, na kila somo lina mwaliko wake: soma sura fulani, omba, njoo kanisani Jumapili, hatimaye ubatizwe. Kitabu chao wenyewe, Kitabu cha Mormoni, katika 3 Nefi 11:29, kinawaonya kwamba mwenye roho ya ugomvi si wa Kristo bali ni wa ibilisi. Mwenyeji naye, akiwa mtu anayeijua dini yake, mara nyingi huwakaribisha kwa nia moja tu, ya kuwabwaga. Matokeo yake ni watu watatu kukaa sebule moja, kila upande ukiwa na shughuli yake.

Ndiyo maana wapo wanaosema mlango ufungwe tangu mwanzo. Wakristo wa msimamo huo hutaja Waraka wa Pili wa Yohana: mtu akija kwenu, naye haleti mafundisho hayo, msimkaribishe nyumbani. Naona andiko hilo linavutwa mbali kuliko linavyofika lenyewe. Mistari michache kabla ya hapo Yohana anawataja anaowakusudia, yaani wasiokiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Vijana hawa wanakiri hilo kwa kinywa kipana.

Hoja nyingine ya upande huo ina uzito zaidi. Tangu mwaka 2012 vijana wa kiume wanaruhusiwa kwenda misheni wakiwa na miaka 18; wa kike waliruhusiwa wakiwa na miaka 19, hadi mwaka 2025 umri wao nao uliposhushwa kuwa 18. Wengi wametoka sekondari juzijuzi. Hawana shahada ya teolojia, hawana mamlaka ya kubadilisha fundisho hata moja, na wako mbali na wazazi wao. Ukimshinda hoja kijana wa miaka 19, umemshinda nani hasa?

Hilo ni swali la haki, lakini halinishawishi kunyamaza. Ujumbe wanaouleta si mdogo. Wanafundisha kwamba baada ya mitume kufa, Kanisa lilianguka katika Ukengeufu Mkuu, mamlaka ya ukuhani yakaondoka duniani, na yakarejeshwa kupitia Joseph Smith, aliyelianzisha kanisa hilo Aprili 6, 1830, katika jimbo la New York. Kwa mujibu wa simulizi yake, mwaka 1820, akiwa kijana wa miaka 14, aliuliza ni kanisa gani ajiunge nalo, akaambiwa asijiunge na lolote kwa kuwa yote yamekosea. Mtu akikuletea nyumbani kwako habari kwamba ubatizo wako na wa wazee wako haukuwa na mamlaka, amekwisha kufungua mjadala, hata kama ameufungua kwa tabasamu. Kukataa kumjibu kwa sababu ya umri wake ni kumfanya mtoto. Huyu si mtoto. Ameacha masomo na familia kwa miezi 24, au 18 kwa wa kike, na kabla ya mwaka 2019 hata kuwapigia wazazi simu kila wiki hakukuruhusiwa. Aliyejitoa kiasi hicho anastahili kujibiwa kwa uzito.

(Kuhusu jina: mwaka 2018 aliyekuwa rais wa kanisa hilo, Russell M. Nelson, aliomba wasiitwe tena Wamormoni. Mnapokuwa ana kwa ana, waiteni wanavyotaka. Kumwita mtu jina analolipenda hakumpunguzii mtu hoja.)

Tatizo langu, basi, si kujadiliana. Ni kile tunachochagua kujadili, kwa sababu sehemu kubwa ya mabishano haya huishia kwenye kurushiana mistari. Mwenyeji anafungua Ufunuo 22:18, kuhusu atakayeongeza neno katika kitabu hiki. Mmisionari anajibu, kwa haki kabisa, kwamba Kumbukumbu la Torati 4:2 nayo inakataza kuongeza, na bado vitabu vingine viliongezwa baada yake. Mwenyeji anarudi na Wagalatia 1:8, "ijapokuwa sisi au malaika wa mbinguni". Andiko hilo lina nguvu, hasa kwa Kitabu cha Mormoni, ambacho Joseph Smith alidai malaika Moroni alimwonyesha kikiwa kwenye mabamba ya dhahabu. Lakini mmisionari atasema injili anayoileta ndiyo hiyohiyo ya Paulo, na wengine ndio walioiacha. Ukimtajia Utatu, atakutajia Stefano aliyemwona Mwana wa Adamu amesimama mkono wa kuume wa Mungu. Wao hufundisha kwamba Baba na Mwana ni nafsi mbili zenye miili ya nyama na mifupa. Hapo tofauti ni ya kweli na ni kubwa. Ndiyo sababu Vatikani mwaka 2001 ilitamka kwamba ubatizo wao si halali, ingawa maneno yanayotamkwa majini yanafanana. Ila tofauti hiyo haiamuliwi kwa mstari mmoja dhidi ya mwingine. Kila upande unasoma kwa ufunguo wake, na saa moja baadaye wote wanaondoka walivyokuja.

Wengine wanaona dawa ni historia, na hapa pana mambo mazito. Mwaka 1835 Joseph Smith na wenzake walinunua maiti zilizokaushwa za Misri ya kale pamoja na hati za mafunjo, na kutokana nazo kikatoka Kitabu cha Ibrahimu, ambacho leo ni sehemu ya maandiko yao matakatifu. Vipande vya hati hizo vilidhaniwa vimepotea, hadi vilipokabidhiwa kwa kanisa mwaka 1967 na jumba la makumbusho la Metropolitan la New York. Wataalamu wa maandishi ya Misri wakavisoma: ni maandishi ya maziko, ya kumsaidia marehemu katika safari yake. Kanisa lenyewe, katika makala rasmi ya mwaka 2014, lilikiri kwamba vipande vilivyobaki havimtaji Ibrahimu wala matukio ya kitabu hicho. Maelezo linayotoa ni kwamba huenda sehemu nyingine za hati zimepotea, au kwamba hati zilikuwa chanzo tu cha kumfanya nabii apokee ufunuo.

Halafu kuna suala ambalo mtu mweusi hawezi kulipita kimyakimya. Tangu Brigham Young, aliyeliongoza kanisa hilo baada ya Joseph Smith, atangaze katazo mwaka 1852 hadi Juni 1978, mwanamume mweusi hakuweza kupewa ukuhani katika kanisa hilo, na weusi, wake kwa waume, walizuiwa ibada za juu za hekaluni. Tena mapema kabisa haikuwa hivyo. Elijah Abel, mtu mweusi, alitawazwa mwaka 1836, Joseph Smith akiwa hai. Mwaka 2013 kanisa lilizikana wazi nadharia zilizotumika kuhalalisha katazo hilo, ikiwemo ile ya kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana. Swali linalobaki ni la imani zaidi ya historia. Kama manabii walio hai wanaongozwa na Mungu, ilikuwaje jambo hili likadumu zaidi ya miaka 120?

Maswali haya yaulizwe. Ninachokataa ni kuyatumia kama kofi. Mara nyingi kijana hajawahi kusikia habari za mafunjo, na anayemrushia anataka tu kumwona uso ukimbadilika. Na anayependa historia aichukue yote. Mashahidi watatu waliosaini kwamba malaika aliwaonyesha mabamba ya dhahabu, yaani Oliver Cowdery, David Whitmer na Martin Harris, wote walikuja kukosana na Joseph Smith na kutoka katika kanisa lake. Whitmer hakurudi tena. Hata hivyo hakuna hata mmoja aliyeukana ushuhuda wake. Whitmer aliurudia kwa maandishi mwaka 1887, akiwa mzee. Huo si uthibitisho kwamba mabamba yalikuwepo, lakini anayeyajua ya mafunjo na asiyataje ya mashahidi anakosa uaminifu.

Pamoja na hayo, imani ya mmisionari haisimami juu ya mafunjo. Ukimfuatilia kwa upole utamkuta amesimama juu ya Moroni 10:4, aya iliyo karibu na mwisho wa kitabu chao: muulize Mungu kwa moyo wa kweli na kusudi halisi, naye atakudhihirishia ukweli kwa uwezo wa Roho Mtakatifu. Kijana huyu aliomba, akahisi amani, pengine joto kifuani, akajua. Kila kitu kingine kimejengwa juu ya hapo. Kwa hiyo mjadala wenye maana uko hapohapo. Tunajuaje tunachodai kukijua?

Niliwahi kumuuliza mmoja wao: "Ndugu yangu, mtu mwingine akiomba kwa moyo uleule, akapata amani ileile kwamba aendelee kuwa Mkatoliki, au Muislamu, utamwambia nini?" Aliyekuwa akiongoza kikao alianza kunisomea Moroni 10:4 upya. Mwenzake mdogo, aliyekuwa kimya tangu waingie, akasema polepole, "Sijui ningemjibu nini. Ninajua nilichopata mimi." Kiongozi akamtazama, akafungua ukurasa mwingine.

Lile lilikuwa jibu la kweli kuliko yote niliyosikia siku ile, na shida ya kipimo chenyewe inaonekana ndani yake. Anayeomba na kupata amani, kitabu ni cha kweli. Asiyepata huambiwa aombe tena, kwa moyo wa kweli zaidi. Hakuna jibu linaloweza kuhesabiwa kuwa hapana. Wao watajibu kwamba hawategemei hisia peke yake. Watataja maneno ya Yesu katika Yohana 7:17, kwamba atakayependa kuyatenda mapenzi ya Mungu atajua habari ya mafunzo hayo, na watakuonyesha maisha yao: hawanywi pombe, hawavuti sigara, wanatunza familia. Matunda hayo nayaheshimu kwa dhati. Lakini maisha mema yanapatikana kwa watu wa dini zinazopingana, kwa hiyo hayawezi peke yake kuamua kama mabamba ya dhahabu yalikuwepo.

Sasa upande wetu, ambao wabishi wengi huukwepa. Mimi ni Mkristo, na Warumi 8:16 inaniambia kwamba Roho mwenyewe hushuhudia pamoja na roho yangu. Nikimcheka mmisionari kwa kutegemea ushuhuda wa ndani, nimeyacheka maneno ya Paulo. Nikimshambulia kwa kuwa Joseph Smith aliacha simulizi zaidi ya moja za ono lake la kwanza, lile la mwaka 1820, na ile ya mwaka 1832 haimtaji Baba kwa uwazi kama ile ya 1838, lazima niwe tayari kueleza kwa nini Mathayo ana malaika mmoja kaburini na Luka ana watu wawili. Ninayo maelezo. Ila siwezi kudai maelezo yangu yapokewe na ya mwenzangu yatupwe kabla hayajasikilizwa. Muislamu naye, anayefundishwa kwamba vitabu vya kabla vilibadilishwa na ufunuo wa mwisho ukaletwa na malaika kwa mtu mmoja, atakuta madai ya kijana huyu yana umbo asilolikosa nyumbani kwake, hata kama yaliyomo anayakataa kabisa. Tena ameamriwa katika Surat An-Nahl 125 ajadiliane kwa namna iliyo bora.

Tofauti ninayoiona mimi, na ninaisema bila kuficha upande wangu, ni kwamba Yerusalemu, Kapernaumu na Pilato viko nje ya Biblia pia, vinachimbuliwa na kusomwa na wasioamini. Mataifa makubwa ya Kitabu cha Mormoni, pamoja na farasi wao na vyuma vyao katika Amerika ya kale, hayajathibitishwa na akiolojia ya nje. Hilo halithibitishi ufufuo. Linatosha kunifanya niutofautishe uzito wa vitabu hivi viwili bila kulazimika kudharau sala ya mtu.

Anayetaka kuzungumza nao azingatie pia kwamba wanakwenda wawiliwawili na hawaruhusiwi kuachana. Utaratibu huo unawalinda, lakini una gharama: hakuna anayeweza kutamka shaka yake bila mwenzake kusikia. Anayengoja wakiri kushindwa palepale sebuleni anangoja kisichowezekana, sawa na ambavyo baba mwenye nyumba hawezi kukiri mbele ya wanawe. Swali zuri hufanya kazi baadaye, mtu akiwa peke yake.

Waambie mapema kama huna nia ya kubatizwa. Muda wao una mpaka, na ukarimu wetu huwapa matumaini ambayo hatukuwa nayo. Wengi wetu, kwa haya, huitikia "nitasoma, nitaomba" ili kikao kiishe, halafu wiki inayofuata tunazima simu. Huo ni uongo, na wao ndio wanaolipa kwa kutembea juani kurudi nyumba isiyofunguliwa.

Mwishoni wataomba kufunga kwa sala. Waache wasali, anayeona dhamiri yake haimruhusu kuitikia amina anaweza kukaa kimya kwa heshima. Wakikuomba uchukue kitabu na umuulize Mungu kama ni cha kweli, na wewe umeamua kukisoma, nao waombe kitu cha uzito uleule: wausome Waraka kwa Wagalatia wote kwa kikao kimoja, sura sita, bila kuruka kwenda kwingine, kisha waseme wanadhani Paulo alimwogopa malaika wa namna gani. Biblia ni miongoni mwa vitabu vyao vitakatifu, kwa hiyo hakuna kinachowazuia. Wakirudi, kikao kianzie hapo.