Difu ya Nguvu au Difu ya Mwendo? Hesabu ya Gari la Kuunda Arusha

Arusha ni mji wa kukata na kuunga magari. Land Cruiser inaingia gereji ikiwa pikapu, inatoka na chesisi iliyorefushwa, paa la kufunguka, viti vya wageni saba, friji, matenki mawili na tairi kubwa kuliko zile za kiwandani. Mwenye gari atakaa na fundi wiki nzima wakijadili rangi, springi na redio. Difu, yale meno yanayopokea mzunguko wa injini na kuupeleka kwenye tairi, hukumbukwa mwishoni, mara nyingi baada ya safari ya kwanza ya Karatu, dereva anaporudi na kusema gari halipandi. Hapo ndipo mabishano yanapoanza: mmoja anataka difu ya nguvu, mwingine anasema usiguse, utaua mwendo na kumaliza mafuta.

Mabishano haya ni ya haki, na kila upande una hoja nzito. Ila yanafanyika bila kalamu, na jambo hili halikubali kufanyika bila kalamu.

Tuanze na kilichomo ndani ya kibuyu, yaani kasha la difu. Pinioni, gia ndogo, yenye meno 9 inazungusha krauni, gia kubwa, yenye meno 37. Gawa 37 kwa 9, unapata 4.11. Maana yake propela shafti, mhimili unaoleta mzunguko kwenye difu, inazunguka mara nne na kidogo ili tairi lizunguke mara moja. Krauni ya meno 39 na pinioni ya meno 8 ni 4.88: injini inazunguka zaidi kwa mwendo uleule, na nguvu inayofika kwenye tairi inaongezeka kwa kiasi hichohicho; hiyo ndiyo difu ya nguvu. Ya meno 37 kwa 10 ni 3.70, kinyume chake: difu ya mwendo, au difu ndefu. Difu haitengenezi nguvu, inabadilishana mwendo kwa nguvu tu.

Wanaotaka namba kubwa wana hoja ambayo mtu wa Dar es Salaam anaweza asiielewe upesi. Arusha yenyewe iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukitoka Mto wa Mbu unapanda ukuta wa Bonde la Ufa, unafika Karatu, unapita lango la Lodoare ambako lami inaishia, kisha unapanda hadi ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200. Katika urefu huo hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 20 kuliko pwani. Injini ya 1HZ, ile dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo ambayo ndiyo uti wa mgongo wa magari ya utalii hapa, inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Kwenye karatasi ina nguvu ya kuzungusha ya Nm 285 kwenye mizunguko 2,200 kwa dakika. Kule juu sehemu kubwa ya nguvu hiyo haipo, na ukilazimisha dizeli bila hewa unapata moshi mweusi na joto. Wakati huohuo gari limebeba chuma cha ziada, watu, mizigo na maji. Hata kwa upande wa Moshi hali ni hiyo: mji uko chini ya mita 1,000, lango la Marangu liko juu ya 1,800, na mlima huo unaupanda ndani ya safari moja fupi.

Sasa tupige hesabu. Chukua tairi la kipenyo cha sentimita 80, karibu na 7.50R16 ya kawaida. Likizunguka mara moja gari linasogea mita 2.5. Chukua giaboksi yenye gia ya pili ya 2.46, ya tatu ya 1.49 na ya tano ya 0.88. Gari linapanda kwa kilomita 45 kwa saa. Kwa difu ya 4.11, gia ya pili inapiga mizunguko kama 3,030, injini inalia na wageni wanashindwa kuongea. Ukipanda gia ya tatu inaanguka hadi 1,840, chini ya pale 1HZ inapokuwa na nguvu zake, na gari linaanza kuishiwa. Dereva anarudi ya pili. Kilomita baada ya kilomita, pili, tatu, pili. Weka 4.88 na gia hiyohiyo ya tatu iko kwenye 2,180, karibu kabisa na 2,200. Gari linapanda kwa utulivu.

Hapa ndipo ninapoona uzito halisi wa suala hili, na sisikii likisemwa sana. Pengo kati ya gia ya pili na ya tatu ni karibu asilimia 40, na hakuna difu itakayolipunguza. Difu inachofanya ni kuchagua pengo hilo lianguke kwenye mwendo gani. Kwa hiyo swali la maana kwa mwenye gari ni hili: mlima wako mrefu zaidi unaupanda kwa mwendo gani? Gia nzito za transfa, lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma, hazikusaidii hapo. Zile ni za kutoka kreta ya Ngorongoro kwa mwendo wa mguu, za tope na makorongo. Mlima wa lami baada ya Mto wa Mbu hauwekei transfa, unaupanda kwa gia za kawaida, na hapo difu ndiyo inayosema.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Kwa kilomita 80 kwa saa, gia ya tano, difu ya 4.11 inazungusha injini mara 1,930 kwa dakika, ya 4.88 inazungusha 2,290. Kwa kilomita 100 ni 2,410 dhidi ya 2,860. Safari ya kwenda Makuyuni au ya kushuka Moshi kwa saa nzima na kelele hiyo inachosha, na mafuta yanaenda kwenye msuguano wa injini. Halafu kuna udhaifu wa chuma chenyewe: ndani ya kibuyu kilekile, pinioni ya meno 8 kwa kawaida ni nyembamba kuliko ya meno 9 au 10, na kila jino linabeba kazi kubwa zaidi. Gari la tani tatu na ushee likirukaruka kwenye makunyanzi ya barabara za Serengeti, dereva akikanyaga tairi likiwa hewani kisha likashika ardhi ghafla, jino dogo ndilo linalolipa.

Hata hivyo hoja ya mafuta huongezwa chumvi. Akiba ya difu ndefu inaonekana gari likiwa gia ya tano, mwendo mmoja, tambarare. Barabara zetu ni za kilomita 50 kwa saa kila penye makazi, na ndani ya Serengeti ukomo ni huohuo 50. Gari la utalii linatumia muda mwingi gia ya tatu na ya nne. Dereva anayerudi gia ya pili kila kona hana akiba yoyote ya kuonyesha jioni.

Kuna kundi ambalo kwao hoja ya mwendo inashinda, nalo ni la wenye Land Rover za zamani. Land Rover Series ilitoka kiwandani na difu ya 4.7. Fundi anaitoa na kuweka ya Range Rover ya 3.54, na mizunguko inashuka kwa robo nzima. Kama chini ya boneti bado kuna ile petroli au dizeli ya lita 2.25, utajuta kwenye mlima wa kwanza, maana gia ya kwanza nayo imerefuka na klachi inaungua kila unapoondoka na mzigo. Kama umeweka 300Tdi, dizeli ya turbo ya Land Rover, yenye Nm 265 kwenye mizunguko 1,800, basi 3.54 ndiyo mahali pake, kwa sababu injini hiyo ina nguvu chini na haipendi kupigishwa kelele. Toyota walifikiri hivyohivyo: Land Cruiser 70 zenye V8 ya turbo walizipa difu ya 3.909, ilhali nyingi zenye 1HZ zilipata 4.11. Turbo pia inapunguza sana madhara ya hewa nyepesi. Mwenye turbo anayelilia 4.88 Arusha anatibu ugonjwa asiokuwa nao.

Lakini kabla ya kuchagua upande, tazama tairi. Ukitoa la sentimita 80 ukaweka la inchi 35, ambalo ni karibu sentimita 89, umerefusha difu kwa asilimia 11 bila kugusa spana: 4.11 yako sasa inafanya kazi kama 3.70. Ukaweka la inchi 33, inakuwa kama 3.92. Malalamiko mengi ya "gari limekosa nguvu" yanaanzia hapa, na difu inalaumiwa kwa kosa la tairi. Dawa yake inatoka kwenye hesabu moja kwa moja. Kwa tairi la inchi 33, difu ya 4.30 inakurudisha kwenye 4.11 ya kiwandani. Kwa la inchi 35, ni 4.56. Hiyo si difu ya nguvu wala ya mwendo, ni kurudishiwa ulichonyang'anywa. Na spidomita kwenye magari mengi ya aina hii husoma kutoka transfa, kwa hiyo difu sahihi inairudisha karibu na ukweli. Bila hiyo, spidomita ya gari lenye tairi la inchi 35 inaonyesha 50 huku gari liko 55, na tochi ya trafiki haisikilizi maelezo.

Msimamo wangu basi ni huu. Kwa gari la 1HZ lililorefushwa na linalofanya kazi ya Karatu na Ngorongoro, rudisha kwanza kilichochukuliwa na tairi, kisha ongeza hatua moja au mbili kwa ajili ya uzito: 4.30 au 4.56 kwa tairi la kawaida, 4.88 kwa la inchi 35. Kwa tairi la kawaida, 4.88 naiona imepitiliza, isipokuwa kwa gari linaloshinda milimani siku zote. Nakubali gari litapoteza raha kidogo kwenye lami. Litapata pia breki ya injini iliyo bora wakati wa kuteremka kreta, na kwangu hilo peke yake lina thamani kubwa kuliko lita chache za dizeli, kwa sababu nyuma wameketi watu. Kwa injini ya turbo, rudisha cha tairi, uishie hapo.

Na usinunue difu moja. Gari la four-wheel lenye 4.56 nyuma na 4.11 mbele likiwekwa four-wheel kwenye ardhi ngumu linavutana lenyewe hadi transfa au shafti ivunjike. Hesabu gharama ya difu mbili, beringi zake, na fundi mwenye kipimo cha saa (dial gauge), maana nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni hupimwa kwa sehemu za milimita, kwa difu nyingi kati ya 0.13 na 0.20. Difu iliyofungwa kwa kukisia italia ndani ya mwezi.

Za mtumba zipime kabla hazijafungwa, hata kama muuzaji ameandika namba kwa chaki. Ekseli ikiwa kwenye gari, weka gia huru, inua tairi moja la nyuma tu, lile jingine lizuiwe vizuri chini, chora alama kwenye propela shafti na uzungushe tairi lililo juu mara 20. Krauni itakuwa imezunguka mara 10. Shafti ikizunguka mara 41 na kidogo, ni 4.11, ikifika 43 kamili, ni 4.30. Kwa mzunguko mmoja wa tairi tofauti hiyo haionekani kwa macho, ndiyo maana watu wengi wamefunga 4.30 mbele na 4.11 nyuma wakidhani zinalingana.