OSHA haiwagusi wote jamani
Mwandishi wa makala moja anasema OSHA ya shirikisho, yaani idara ya serikali kuu ya usalama kazini, inalinda kila mfanyakazi Marekani, hapo karahisisha mno. Sheria ya usalama kazini ya 1970 inaruhusu jimbo liwe na mpango wake, sharti usiwe dhaifu kuliko wa shirikisho, ukizidi ruksa. Ndo maana California kwa kazi za nje joto likizidi digrii 80 za Fahrenheit bosi lazima aweke kivuli, wakati huku Texas hatuna mpango wa jimbo na 2023 wakapitisha sheria ya kufuta hata zile kanuni za miji ya Austin na Dallas za kuwapa wafanyakazi mapumziko ya kunywa maji (kwa jua hili!). Halafu huku Texas wafanyakazi wa manispaa OSHA ya shirikisho haiwahusu kabisa, yaani fundi wa kampuni na fundi wa manispaa wako mtaro mmoja, udongo ukiwaporomokea wote, inspekta anamfuatilia wa kampuni tu.