Haikuwa Sabuni ya Ngamia

Kabla hamjaendelea kunitumia picha za ngamia, nipeni dakika mbili. Ile niliyonyolea ndevu siku ya harusi ya binamu yangu haikuwa sabuni ya ngamia. Anayewaambia hivyo ni sahibu yangu anayekodisha ngamia ufuoni Nyali, na kwake yeye kila kitu duniani ni cha ngamia.

Mnajua nimerudi kwenye unyoaji wa kizamani: brashi, kibakuli, mashine ya chuma ya marehemu babu. (Wale wa povu la kopo, nyamazeni.) Kilichonipungukia ni sabuni, na usiku huo binamu yangu anaoa. Alasiri nikapita kwenye meza moja ya vitu vya mtumba, nikaona bati la mviringo, maandishi yamefutika, imebaki picha ya farasi tu. Moyo ukaruka. Brashi yangu ni ya singa za farasi, maana nyingi za bei nafuu ni za nguruwe. Basi farasi kwa farasi, wamekutana.

Muuzaji nilimhoji kama kadhi. Sabuni nyingi za kunyolea hupikwa kwa shahamu. Sasa hii ni shahamu ya nani? "Hakuna nguruwe humo, ami." Glisarini? "Imo." Nikanusa, inanuka nta. Nikasema moyoni, nta ya nyuki hiyo, dawa. Swali la mwisho, nikijiona mjuzi: "Na ni ya ngozi?"

"Ya ngozi kabisa."

Nikalipa.

Nyumbani povu likagoma. Sikushtuka. Kisima chetu kina chumvi, na maji ya kisima na povu havipikiki chungu kimoja. Nikafungua jerikeni ya maji matamu, nikazungusha brashi mpaka mkono ukafa ganzi, likapanda povu jepesi, la rangi ya chai ya maziwa. Nikajipaka.

Shavu la kushoto. Wembe ukashuka inchi moja, vizuri. Ya pili ukateleza. Ya tatu ukasimama. Nikauinua, nikaona mwanya wa mashine umejaa nta na ndevu, kama sega lililonyolewa. Nikasuuza, nikarudia, mpaka shavu likawa kama shamba lililopitiwa na mbuzi. Basi, nikasema, ninawe kwanza. Nikarusha maji usoni.

Hayakushika.

Nawaambia hayakushika. Yalikaa shavuni matone matone, yakaviringika polepole kama juu ya jani la yungiyungi, yakaanguka kwenye beseni. Nikarusha tena. Yakaviringika tena. Nikajitazama kwenye kioo, uso unang'aa mpaka balbu ya chooni naiona kwenye paji langu. Hapo ikaadhiniwa Isha, nikakumbuka udhu. Utatawadha vipi na uso usioingia maji?

Sahibu akaingia na kanzu yake imepigwa pasi, amekuja kunichukua. Akaliona bati. Akalinusa. Akanitazama. Akalinusa tena.

"Yakhe, hii si ndiyo naoshea matandiko?"

Sabuni ya ngozi. Ngozi ya viatu, ya mikanda, ya matandiko. Mimi nimeuliza ngozi, mwenzangu kanijibu ngozi, na hakuna aliyesema uongo. Nimeuliza kila kitu isipokuwa ngozi ya nani.

Yaliyofuata ni mbio tu: mama na mafuta ya nazi kuyeyusha nta, maji moto, dodoki, shabu kwenye michubuko (nilipiga kelele, ndiyo, jirani hakukosea). Nikaha ilinipita, halwa niliikuta. Kwenye picha zote linaonekana shavu la kulia tu.

Jana nikamrudia muuzaji na bati mkononi. "Si nilikuuliza kama ni ya ngozi?"

"Nami si nilikujibu?" Akainama kidogo, akanitazama shavu. "Lakini imekupendeza."

Bati nimempa sahibu. Leo asubuhi kanitumia picha ya tandiko linalometameta, chini kaandika: mapacha.