Makadirio ya mifumo: bei ina maelewano, siku hazina

Kila mtengeneza mifumo ya kompyuta wa Dar es Salaam anayajua maswali mawili ambayo mteja huuliza hata kabla ya chai kuletwa: itagharimu kiasi gani, na itakamilika lini. Jibu linalotolewa hapo huingia kwenye profoma, profoma huingia kwenye mkataba, na miezi michache baadaye pande mbili hukaa meza moja zikilaumiana. Wateja wanashikilia kwamba bei na tarehe lazima zijulikane kabla ya kazi kuanza. Wengi wetu tunaoandika programu tunashikilia kwamba kazi hii haikadiriki, kwa hiyo tulipwe kwa muda tuliotumia. Nimeitetea hoja hii ya pili kwa miaka mingi, na siku hizi naiona haina nguvu tuliyokuwa tukiipa.

Mfanyabiashara aliyekopa benki hurejesha kwa tarehe, na ofisi ya umma hutenga fedha za mwaka unaoanza tarehe 1 Julai. Ukimwambia mtu wa aina hiyo kwamba mtaona mkifika, umemtwisha hasara yote peke yake, ilhali mwenye ujuzi wa kazi ni wewe. Fundi ujenzi akionyeshwa ukubwa wa chumba hutaja idadi ya tofali na mifuko ya saruji, na mteja haoni kwa nini fundi wa kompyuta ashindwe. Tena, tuseme kweli, wapo miongoni mwetu wanaojificha nyuma ya neno "haikadiriki" kwa sababu hawajawahi kuandika popote kwamba kazi iliyopita iliwachukua siku ngapi.

Hata hivyo, mfano wa fundi ujenzi una kasoro. Yeye amekwisha kujenga vyumba vingi vinavyofanana, lakini programu iliyokwisha kuandikwa haiandikwi tena, inanakiliwa, na kwa sababu hiyo kinachobaki cha kulipiwa ni kile ambacho bado hakijafahamika. Mwaka 1981 Mmarekani Barry Boehm, mtaalamu wa uhandisi wa programu, alionyesha kwamba kadirio linalotolewa mwanzoni kabisa, kabla mahitaji hayajaeleweka, linaweza kukosea kiasi kwamba gharama halisi ikawa robo yake au mara nne yake.

Niliyaelewa hayo vizuri Gerezani, kwenye duka la jumla la vipuri vya magari, ambako mzee mwenye duka alitaka mfumo wa kufuatilia stoo na mauzo. Baada ya mazungumzo ya saa moja nilimtajia wiki tisa. Akacheka, akaniambia, "Punguza kidogo, kijana wangu," tukakubaliana wiki sita kwa shilingi milioni 6. Kazi ilichukua miezi mitano. Katika kaunta buku yake kifaa kimoja kiliandikwa "shokapu" ukurasa huu, "shokomzoba" ukurasa unaofuata, na mahali pengine kwa namba ya gari tu, kulingana na nani alikuwa zamu. Kulikuwa na mawinga wanaochukua mzigo dukani na kumuuzia mteja wao kwa bei yao, kisha wanarudisha pesa ya duka au kipuri chenyewe jioni. Kulikuwa na mali kauli, ambapo jirani hubeba katoni nzima kwa maneno tu na kulipa akishauza, kwa hiyo kipuri kinaweza kuwa kimetoka stoo bila kuwa kimeuzwa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotajwa siku ya kwanza, na simlaumu mzee. Kwake hayo hayakuwa mambo ya kumweleza mtu, ndivyo biashara inavyokwenda.

Lakini kosa langu kubwa lilikuwa zile wiki tatu nilizozipunguza kwa kicheko. Bei hupunguzika kwa sababu ndani yake mna faida, na faida yangu naweza kuikata nikipenda. Siku zinatokana na kazi, na mimi sikuondoa kazi yoyote; niliondoa tarakimu. Mbaya zaidi, mazoea haya huharibu hata makadirio ya waaminifu, kwa kuwa mtengenezaji anayejua atapunguziwa huongeza siku za uongo, mteja anayejua ameongezewa hukata nusu, na mwishowe namba iliyobaki haimwambii mtu yeyote kitu.

Mambo yakichelewa mteja husema, "Si muongeze vijana?" Fred Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa mfumo endeshi wa kompyuta za IBM System/360, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye kazi iliyochelewa kunaichelewesha zaidi. Wageni wanahitaji kufundishwa na wenyeji, na njia za mawasiliano huongezeka haraka kuliko watu: watu wanne wana jozi sita za kuelewana, wanane wana 28.

Kisha kuna siku ambazo si za mtu yeyote kati yetu wawili. Kuandika sehemu ya kupokea malipo ya simu kulinichukua siku nne. Kabla ya hapo zilihitajika leseni ya biashara, TIN (namba ya mlipakodi) na cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na jina la duka kwenye leseni lilipishana na la kwenye cheti kwa neno moja. Kulisahihisha kulikula wiki tatu. Nilipotaja siku nne nilimaanisha siku za kazi, naye alisikia Alhamisi ijayo.

Kwa maoni yangu, mteja ana haki ya namba na anapaswa kupewa, ila si siku ya kwanza na si moja. Ninatoza ada ndogo ya wiki mbili za kukaa dukani na kuangalia, kama mchoro wa nyumba unavyolipiwa kabla ya msingi kuchimbwa, kisha kila kazi naiwekea siku za mambo yakinyooka, za kawaida, na za mambo yakiharibika. Kazi yenye siku 10, 15 na 44 naihesabu kuwa ya siku 19, kwa kuipa ile ya kawaida uzito wa mara nne na kugawanya jumla kwa sita. Nakiri kwamba utaratibu huu hauingii kirahisi kwenye zabuni inayodai bei moja isiyobadilika. Huko mwombaji hana budi kuijumuisha hatari ndani ya bei, na mnunuzi atailipia, ionekane au isionekane.

Mwaka jana yule mzee aliniita tena, safari hii kwa ajili ya ghala. Nilimtajia wiki nane, akaniomba nipunguze. Nikaigeuza karatasi upande wake, kila kazi ikiwa na siku zake pembeni. Akavaa miwani, akasoma mpaka chini, akachukua kalamu na kuchora mstari juu ya ripoti ya kila jioni kwa ujumbe wa simu. "Hii acha," akasema, "nitapiga mwenyewe niulize." Zikawa wiki saba.