Jini la Kiingereza

Wenzangu hulala na redio ya mpira. Mimi hulala na Wamarekani wawili wa H. P. Lovecraft Literary Podcast, kipindi cha mtandaoni kuhusu Lovecraft, mwandishi wa Kimarekani wa hadithi za kutisha. Hawa jamaa walipomaliza kuchambua hadithi za Lovecraft, wakahamia kwenye insha yake ya 1927 kuhusu hadithi za kutisha, wakaanza kusoma kimoja kimoja vitabu alivyovitaja humo. Insha yenyewe inafungua kwa kusema hisia kongwe na kali kuliko zote kwa binadamu ni woga, na woga mkali kuliko wote ni wa kitu usichokijua. Nikisikia hivyo, usingizi unakuja wenyewe.

Chumba changu kipo uani. Sebule ya bibi mwenye nyumba ipo mbele, na ndani yake kuna sabufa ambayo niliiunganisha na simu yangu siku ya arobaini ya mjukuu wake, tupige kaswida. Nikasahau.

Usiku huo umeme ulikatika tangu magharibi. Saa nane nikiwa na hedifoni masikioni, wamefika pale ninapopapenda: Lovecraft anasema hadithi ya ajabu ya kweli haitoshelezwi na mauaji ya siri, mifupa yenye damu, wala umbo lililojifunika shuka likiburuza minyororo. Hayo ni ya kitoto. Kinachotakiwa ni ile hali ya kukukosesha pumzi. Nikatikisa kichwa gizani kama profesa.

Umeme ukarudi. Hedifoni kimya. Nikaongeza sauti. Kimya. Nikaongeza mpaka mwisho.

Ndipo nikasikia, kupitia ukutani, mwanaume mwenye sauti nzito akisoma Kiingereza sebuleni kwa bibi, kinanda kikimsindikiza. Kisha sauti ya bibi: "Audhubillahi!" Akaanza Ayatul Kursi, na kila alipopandisha, Mmarekani naye hakushuka.

Nikazima Bluetooth. Ningelala hapo, yangeisha. Lakini nimelelewa; nikaona nimwendee mtu mzima nimwombe radhi. Joto la Dar mnalijua, nilikuwa nimejitanda shuka jeupe tu. Mlango wa ukumbini tunaufunga kwa mnyororo na kufuli. Nikafungua, mnyororo ukateleza, nikaukamata usianguke, nikatembea nao taratibu nisiamshe watu. Kwlang, kwlang, kwlang.

Bibi akafungua mlango wake.

Ningependa Lovecraft angekuwepo aone jinsi shuka na mnyororo vinavyofanya kazi. Bibi hakupiga hata kelele. Alinimwagia ndoo nzima ya maji ya wudhu, ikafuata ndoo yenyewe, ikafuata ndala. Nilitimua mbio hadi uani, shuka nikaliacha kwenye msumari wa mlango, mnyororo nao nyuma yangu.

Asubuhi ukumbi mzima ulinuka ubani. Majirani wamejaa barazani, bibi anasimulia kwa mara ya tano, na jini limeshafika urefu wa mnazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Afadhali umekuja, mwanangu. Nyumba hii msomi wa Kiingereza ni wewe peke yako. Likirudi, nitakuita. Uliulize linataka nini."

Nikatazama chini. Shuka langu lilikuwa mikononi mwake, anawaonyesha watu.

"Huenda halitaki kitu, bibi. Huenda linasoma tu."

"Basi lisome mchana," akasema. "Na uliambie shuka lake nalichoma moto leo hii."