Mashabiki wa huku kwetu mnawasema nusu tu

Kila derby ya mashemeji, ile mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards tunaowaita Ingwe, ikikaribia lazima kuna mtu ataanza. Ati mashabiki wa Gor na Ingwe ni wahuni, ati watu wa magharibi mwa Kenya hawajui kukaa uwanjani, ati hawalipi geti, ati hizo sio timu ni kabila imevaa jezi, na wakimaliza wanakuambia mpira wa Kenya ungekuwa mbali sana kama si watu wa huku. Juzi nimeyasikia tena hayo maneno kwa kinyozi hapa Kondele, Kisumu, na aliyekuwa anayamwaga hata si mgeni, ni jamaa amezaliwa Kakamega akahamia Nairobi akarudi na miwani ya jua. Nilitaka kumjibu pale pale lakini wembe ulikuwa kwa shingo.

Nijitaje mapema ndio msiseme nimewaficha. Mimi ni Ingwe damu, wa kwetu Khayega, naishi Kisumu, na mke wangu ni wa Siaya, kwa hivyo shemeji zangu wote ni Kogalo, yaani Gor, na derby kwangu huanza Ijumaa jioni kwa meza ya chakula. Ile jina mashemeji sio mapambo ya watangazaji, ni vile Waluhya na Wajaluo wameoana mpaka ukirusha jiwe upande wa pili unaweza kumpata mjomba wa watoto wako.

Na mawe yamerushwa, tusidanganyane. 2012 derby ya uwanja wa Nyayo, Nairobi, ilisimama baada ya kadi nyekundu, viti vikang'olewa, vitoa machozi vikapigwa, mtu amekuja na mtoto wake kuona mpira anarudi nyumbani amembeba mgongoni akikohoa. Miaka miwili kabla ya hapo, Oktoba 2010, uwanja huo huo na derby hiyo hiyo, watu walikanyagana getini wakafa, 7. Walikuwa wametoka nyumbani kwenda mpira wakarudi kwa jeneza. Sasa mtu akiniambia mashabiki wetu wana shida siwezi nikasimama na kusema ni chuki, juu hao 7 hawakuuliwa na chuki ya mtu wa Nairobi kwa sisi, waliuliwa na msukumano, na kwa huo msukumano kulikuwa na watu wanasukuma.

Lakini hapo kwa geti ndo nataka tukae kidogo, juu hapo ndo watu hupita mbio. Umewahi kwenda mechi kubwa hapa Kenya ukaona vile watu huingizwa? Uwanja una mageti mengi, yanafunguliwa mawili. Tiketi zinauzwa siku hiyo hiyo, dirisha moja, chenji hakuna, dakika 20 mechi ianze laini bado imefika barabarani na ndani ishaanza kupiga kelele, halafu polisi badala ya kupanga laini anaanza kuichapa. Mwenye tiketi na asiye na tiketi wote wanakuwa kitu moja, watu wanakimbia. Nimeshalipa mia mbili zangu mara mbili nikaishia kuingia kwa kusukumwa kama gunia, na tiketi bado iko mkononi haijakatwa.

Na kama mnadhani hiyo ni tabia ya watu wa magharibi niambieni CHAN ya Agosti 2025, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, ilikuwa ya kabila gani. Harambee Stars, Kasarani, nchi nzima iko nyuma ya timu, hakuna kijani hakuna buluu na nyeupe, na bado watu walivunja mageti, CAF, wakubwa wa mpira wa Afrika, ikapiga federesheni faini na ikapunguza idadi ya tiketi za mechi zetu. Tulipiga Morocco 1-0 tukiwa wachezaji 10 na mechi iliyofuata watu wa kuingia wakapunguzwa. Siku hiyo sikusikia mtu akisema Wakenya wote ni wahuni. Walisema mipango ilikuwa mibaya. Sawa kabisa, mipango ilikuwa mibaya, lakini basi iwe mibaya pia wakati ni Gor na Ingwe.

Sasa lile la ukabila. Hili nalipa uzito zaidi juu lina ukweli ndani yake na tena lina uvivu. Abaluhya United, ambayo ndio Ingwe ya leo, ilianza 1964, Gor Mahia 1968, na majina yenyewe yanakuambia. Mtu alikuwa ametoka Maragoli ama Ugenya ameenda Nairobi kutafuta kazi, analala watu sita kwa chumba, hakuna ndugu, akifa nani atarudisha mwili nyumbani? Vyama vya watu wa nyumbani ndo vilikuwa bima yake, na timu ya mpira ilikuwa mkono mmoja wa hivyo vyama, Jumapili mnakutana uwanjani mnasikia habari za nyumbani kwa lugha ya mama. 1980 serikali ya Moi ikasema majina ya kikabila yatoke. Abaluhya ikawa All Footballers Confederation, ndio hiyo AFC mnasikia mpaka leo, Luo Union ikawa Re-Union, na Gor kwa muda ikaitwa Gulf Olympic Rangers ndio herufi za G-O-R zibaki. Ghuba gani na olimpiki gani? Watu walicheka wakaendelea kuimba Gor Mahia. Ukibadilisha bango la duka wateja bado wanajua ni duka la nani.

Lakini angalia wale wamependwa na hao wanaoitwa wakabila. Wachezaji wa Gor, Kagere alitoka Rwanda, Tuyisenge Rwanda, Walusimbi Uganda, na nimeona mzee wa Nyalenda, mzee kabisa, akitaja jina la Kagere na ile sauti mtu hutumia kumtaja mwanawe amesoma. 2015 Gor ilimaliza ligi bila kupoteza mechi hata moja na kochi alikuwa Mskoti, Frank Nuttall. Shabiki wa huku hakuulizi wewe ni wa wapi, anakuuliza unafunga? Ukikosa penati hata kama umezaliwa nyuma ya nyumba ya babake utatukanwa kwa lugha zote.

Upande ule mwingine nao nitausema. Kuna nyimbo zingine huimbwa huko kwa stendi sizirudii hapa, za kudharau watu wa jamii zingine, na siasa inaingia mpaka siku ya uchaguzi ikikaribia hujui kama umeenda mpira ama mkutano. Kijana Mkamba ama Mkikuyu anayependa mpira akikaa hapo kati anajiuliza mimi hapa ni nani. Na kampuni ikitaka kuweka pesa inajiuliza hivyo hivyo. Hiyo ni hasara yetu wenyewe, haijaletwa na mtu, na kila nikiisema kwa shemeji zangu wananiambia hiyo ni ladha ya mpira. Ladha gani ya kufukuza wateja?

Haya, lakini kuna kitu wale wanaotusema hawajawahi kukieleza, na kwangu hii ndio kesi yote. Kwa miaka mingi tuliambiwa timu za jamii zimepitwa, timu ya kisasa ni ya kampuni, iko na mishahara, iko na basi, haina kelele. Na huku magharibi tulikuwa nazo za kutosha, ukanda wote wa miwa ulikuwa na timu, kiwanda hapa timu hapa. SoNy Sugar ya Awendo ilichukua ligi 2006, bingwa wa Kenya kabisa. 2019 hiyo hiyo SoNy ikatupwa nje ya ligi juu ilishindwa kufika mechi tatu, pesa hakuna. Chemelil nayo ikaoza polepole mpaka ikashuka. Mumias kiwanda chenyewe kiliwekwa 2019 chini ya mrasimu, yule msimamizi wa kampuni iliyolemewa na madeni, timu utaongelea ya nini. Western Stima, timu ya kampuni ya umeme, wakakosa mdhamini wakazama. Hizi timu hazikuwa na wahuni, mashabiki wake walikuwa wapole, wengi walikuwa wafanyakazi na familia zao, na siku mishahara ilikwama hakukuwa na mtu wa kulia nje ya lile geti la kiwanda.

Mwaka huo huo wa 2019 SportPesa, kampuni ya kamari, ikavuruga na serikali juu ya leseni ikaondoa pesa zake, na Gor na Ingwe wakabaki bila sponsa, sio yule wa kulea wasichana, namaanisha wa jezi. Kwa hesabu zote hizo timu zilitakiwa kufa. Wachezaji walikaa miezi bila mshahara, wageni wakaenda zao. Kilichofuata ni harambee, paybill, namba za kutuma pesa kwa simu, zikatembea kwa kila grupu ya WhatsApp, watu wanatuma hamsini, mia, mama wa samaki anatuma mia mbili na anaandika jina la mtoto wake, na Gor ikatangazwa bingwa wa 2020 corona ilipofunga ligi. Sisemi hamsini za watu zinaweza kuendesha klabu, haziwezi. Nasema zilitosha kufanya isife, na huyo anayetuma hamsini ndo yule yule mnamwita mhuni.

Ama angalieni timu ya Shabana pale Kisii. Ilishuka 2006 ikakaa huko chini miaka 17, viwanja vya matope, mechi hakuna kamera, na watu hawakuiacha. Iliporudi ligi kuu 2023 watu walijaa uwanja wa Gusii kama vile timu ilikuwa imeenda msalani tu. Nitajieni timu ya kampuni imewahi kungojwa miaka 17.

Sasa mapenzi ya namna hiyo yana ubaya wake pia, na hapa ndipo naona wakosoaji wangetupiga vizuri kama wangejua kupiga. Mtu anayependa hivyo ni rahisi kuibiwa. Viongozi wa klabu wanajua utakuja tu, utalipa tu, ukiuliza hesabu unaambiwa wewe si mwanachama wa kweli, uchaguzi unafanywa vile unafanywa, na pesa ya geti derby imejaa watu mpaka kwa miti inatangazwa kiasi kinachokufanya ucheke. Gor na Ingwe wote wawili wamewahi kufungiwa na FIFA kusajili wachezaji juu ya wachezaji wa zamani hawakulipwa. Hiyo haikuletwa na kijana wa kurusha mawe. Lakini huyo kijana anayeruka ukuta anamsaidia sana yule wa kuiba, juu watu elfu kumi wakiingia na tiketi ni elfu tatu zimekatwa, nani atajua ukweli wa hesabu? Mwizi wa ndani anajificha nyuma ya mwizi wa ukuta. Tukimtetea huyu wa ukuta ati ni umaskini, ati ni watoto, yule wa ndani anatupigia makofi.

Na mimi nimeruka huo ukuta, wacha niseme. Nilikuwa na miaka 13, tulipanda mti tukashuka ndani, suruali ikararuka, tukaona mechi yote. Huko kwetu Khayega mafahali wakipigana hakuna tiketi, unachukua tawi la mti unakimbia na wengine nyuma ya fahali wa kijiji chenu, mchezo ni wa watu wote na mtu akikuambia ulipe utamwona kama mtu wa ajabu. Nadhani wengi wetu tulienda uwanjani na hiyo akili, na pia na ile isukuti, ngoma ambayo UNESCO iliandika 2014 kwamba inahitaji kulindwa haraka, na kusema kweli mahali pamoja naiona ikipigwa kila wiki bila kulipwa na serikali ni kwa stendi ya Ingwe.

Kidogo tu kuhusu raga halafu nimalize. Nakuru walichukua Kenya Cup, ligi kuu ya raga, 2013 na 2014, Kabras wa kule Kakamega wakaja wakachukua 2016 na zingine baadaye. Magharibi na Bonde la Ufa kabisa, watu wanakunywa pombe uwanjani mchana kutwa, wanaimba nyimbo chafu kuliko zetu, na hakuna mtu ameandika makala ati watu wa huko ni wahuni. Inaitwa burudani. Kwa nini? Mimi nina jibu langu, linahusu nani anaegesha gari na nani anakuja na matatu. Kabras nayo ni ya kiwanda cha sukari, kwa hivyo hicho kiwanda nakiombea afya njema kila usiku.

Yule jamaa wa kinyozi nilimjibu nikishalipa. Nilimwambia 1987 ile siku Gor ilitoka 1-1 na Espérance pale Kasarani, baada ya 2-2 kule Tunis, ikachukua kwa mabao ya ugenini kombe la Afrika la klabu zilizoshinda vikombe, mpaka leo klabu ya kwanza na ya mwisho ya Kenya kuchukua kombe la bara, uwanja ulijazwa na nani? Na Ingwe ikichukua CECAFA, kombe la klabu za Afrika Mashariki na Kati, 1982, 83 na 84 mfululizo, walikuwa wanashangiliwa na matajiri wa Lavington, Nairobi? Akanyamaza kidogo akaniambia basi mjukuu wa hao watu ajifunze kulipa mia mbili. Nikamwambia hapo nakupa.

Derby ijayo naenda na shemeji yangu mdogo, ana miaka 14, Kogalo mbaya sana. Nimemwambia tiketi yake nimeshanunua, nisimwone karibu na mti wowote. Ameniuliza kama ni Gor ikishinda tutarudi nyumbani na gari moja. Nimemwambia atarudi na tiketi yake na nauli yake.