Hodi ya Saa Saba Usiku

Mama mkwe wangu, aliyekuja Tanga kutoka Pangani kututembelea kwa siku tatu, ndiye mtu pekee ninayemjua aliyewahi kumsomea chura Ayatul Kursi.

Chura mwenyewe alikuwa wa matete, kijani kibichi kama jani changa la mgomba, na mwili wake wote haukuzidi pingili ya kidole gumba. Nilimwokota pamoja na wenzake wawili wakati wa masika, dimbwi la nyuma ya nyumba lilipokuwa likifukiwa kwa kifusi, nikawatengenezea makazi katika tangi la kioo lililokuwa la samaki. Chini nilitandika kokoto ili maji yasituame, juu yake makumbi ya nazi yaliyorowekwa na kukamuliwa, kisha nikapanda matete. Na kwa kuwa chura hanywi kwa kinywa bali hufyonza maji kwa ngozi, nayo klorini ya maji ya bomba humdhuru, maji ya kuwanyunyizia niliyaacha wazi ndooni kwa saa 24. Mke wangu, aliyelazimika kuiruka ndoo hiyo kila alipokwenda jikoni, aliniuliza ni lini naye atawekewa maji yake.

Kifuniko kilikuwa kipande cha chandarua, ili hewa ipite, nilichokibana ukingoni kwa vibanio vinane vya nguo. Vyura hawa wana vidole vinavyonata na hupanda kioo bila taabu, kwa hiyo vibanio hivyo havikuwa pambo. Siku ya pili mama mkwe alifua kanga zake, akakosa vibanio, akaviona vinne ambavyo, kwa maelezo yake ya baadaye, vilikuwa “vimekaa bure”.

Dume la chura huyu haliimbi, hugonga: hutoa milio mikavu miwili au mitatu, ko-ko-ko, mithili ya mtu anayebisha mlango kwa kifundo cha kidole. Saa saba usiku nilimsikia mama mkwe, aliyelala sebuleni, akiitikia, “Karibu!” Kimya. Ko-ko-ko. “Karibu, pita!” Aliyelelewa Pwani anajua kwamba hodi ya usiku haiitikiwi ovyo, naye alikwisha kuiitikia mara mbili. Nilimkuta amejifunika kanga gubigubi, anasoma kwa sauti.

“Mwanangu,” alininong’oneza, “anayebisha yumo humu humu ndani.”

Tukiwasha taa na kutembea, chura ananyamaza. Tukizima na kutulia, anabisha, jambo lililozidi kumthibitishia mama kwamba mgeni huyo hakuwa wa kawaida. Baada ya karibu saa nzima nilimgundua ndani ya bomba la pazia, ambalo kofia ya ncha yake ilipotea tangu tuhamie, amevimbisha koo likawa kama gololi huku bomba likimkuzia sauti. Kwa kuwa ngozi yake haifai kushikwa kwa mikono mikavu, niliagiza yale maji ya ndooni, nikaanza kunawa.

“Unamtawadhia chura?” mama mkwe aliuliza.

Nilimrudisha tangini, nikarudisha vibanio, kanga zikaanikwa upya juu ya viti. Alfajiri muuza maziwa alibisha hodi, akabisha tena, akaita kwa jina, na sote watatu tukamsikiliza vitandani mwetu mpaka baiskeli yake ikaondoka. Asubuhi hiyo tulikunywa chai ya mkandaa.